Uzi: Waigizaji waliofungua kampuni yao ya filamu, walivyopanda na walivyoanguka (tusome kabla hatujasaini statu zetu)

Mwanzisha uzi, Lubumbashi

Jumamosi hii sisi watu saba tutakaa mtaa wa Kamalondo, nyumbani kwa mama mmoja wa kikundi chetu, tusome statu, yaani katiba, za kampuni yetu ya filamu kabla ya kuzipeleka kwa notari. Avoka, wakili wetu, amekwisha kuziandika, kurasa kumi na nne. Nimezisoma mara tatu, na kila nikifika kwenye hisa moyo unakataa. Imeandikwa tu kwamba kila mmoja ana sehemu sawa, basi. Hakuna neno juu ya anayehama, anayekufa, wala anayeacha kuigiza akaenda kufanya biashara mpakani Kasumbalesa.

Ndiyo maana nafungua uzi huu, kwa wenzangu sita na kwa yeyote wa Bukavu, Goma, Kolwezi au kwingine anayetaka kufanya kama sisi. Kuna kampuni ya Marekani iliyoanzishwa na waigizaji wenyewe, United Artists. Nimeifuatilia kwa miaka kama mtu anayefuatilia habari za ukoo wake. Nitaandika kwa vipande, na mwenye neno aliweke hapo hapo.

Tuanze na mwaka 1919. Wakati huo filamu hazikuwa na sauti, na watu watatu walikuwa wanajulikana karibu dunia nzima: Mary Pickford, mzaliwa wa Toronto, Kanada, aliyepandishwa jukwaani tangu utotoni ili kusaidia kulisha familia, Charlie Chaplin, mtoto wa London aliyeonja maisha ya nyumba za maskini, na Douglas Fairbanks, yule wa kurukaruka na mapanga. Wa nne alikuwa D. W. Griffith, mwongozaji. Makampuni yalikuwa yanawalipa pesa nyingi sana, na wakubwa wa makampuni walikuwa wamechoka kulipa.

Mwezi wa kwanza wa mwaka huo wenye makampuni na majumba ya sinema walikusanyika Los Angeles, kwenye hoteli ya Alexandria. Uvumi ukaenea kwamba kampuni mbili kubwa zinataka kuungana, na zikishaungana, mwigizaji hatakuwa tena na pa kukimbilia: atachukua bei atakayopewa. Waigizaji hawakukaa wakilalamika. Walikodi mpelelezi wa siri aende hotelini kusikiliza. Habari alizowaletea ziliwatosha. Tarehe 5 Februari 1919 wakasaini kampuni yao. Kila mmoja wa wanne alichukua moja ya tano, na moja ya tano iliyobaki ikaenda kwa avoka wao, William McAdoo, aliyekuwa ametoka tu kwenye uwaziri wa fedha wa Marekani.

Mwanzoni walikuwa watano. William S. Hart, mwigizaji wa filamu za wapanda farasi, alikuwa nao kwenye mazungumzo, kisha kampuni yake ikamwongezea malipo, akarudi. Simlaumu. Nataka tu mjue kwamba siku ya kwanza kabisa kulikuwa tayari na aliyetoka.

Mwanzisha uzi

Sasa namna ilivyofanya kazi, maana hapa ndipo siri yote ilipo.

Kampuni ile haikuwa na studio, wala haikuwaajiri waigizaji kwa mishahara. Kila mwenye hisa alitafuta pesa yake, akatengeneza filamu yake, na filamu ikabaki mali yake. Kampuni ilifanya kazi moja tu: kuipeleka filamu kwenye majumba ya sinema, kukusanya pesa, kukata asilimia yake ndogo ya usambazaji, na kumrudishia mwenye filamu kilichobaki.

Wa Lubumbashi wataelewa haraka nikisema hivi: ni kama akina mama wa samaki wa Kasenga. Kila mmoja ana samaki wake, amenunua kwa pesa yake, hasara ni yake na faida ni yake. Lakini lori wamelinunua pamoja. Zamani mwenye lori alikuwa mtu mwingine, akiwakamua njiani. Sasa lori ni lao.

Uzuri wake mnauona. Lakini lori lina tabia moja. Hata kama hakuna mama aliyeleta samaki wiki hiyo, dereva anataka mshahara, matairi yanazeeka. Kampuni ya usambazaji ina ofisi kila mji mkubwa, ina wauzaji, ina kodi ya nyumba. Lazima filamu zije, tena zije kwa mfululizo.

Na hazikuja. Filamu zilikuwa zimerefuka na kuwa za gharama, mtu hawezi kutoa nyingi kwa mwaka kwa pesa ya mfukoni mwake. Chaplin mwenyewe alikuwa bado amefungwa na mkataba wa kampuni nyingine, na filamu yake ya kwanza kupitia kampuni aliyoianzisha ilitoka mwaka 1923. Miaka minne! The Gold Rush, iliyoleta pesa kweli, ni ya 1925. Griffith alishindwa na madeni, akaondoka 1924. Fairbanks na Pickford ndio waliolibeba lori mabegani.

Mchangiaji, Bukavu

Asante sana yaya, mkubwa wangu, kwa uzi huu. Swali moja. Hapa kwetu tatizo si kutengeneza, tatizo ni pa kuonyesha. Wao walipataje majumba, kama majumba yalikuwa ya makampuni makubwa?

Mwanzisha uzi

Mudogo wangu, umegusa penyewe. Makampuni makubwa yalikuwa na majumba yao, tena yale mazuri ya katikati ya miji. Na kwa majumba yasiyo yao walikuwa na desturi ya kuuza kwa fungu: ukitaka filamu moja ya mwigizaji mkubwa, unachukua na nyingine nyingi ambazo hukuziona. United Artists ilikataa mtindo huo. Iliuza kila filamu peke yake, kwa thamani yake. Wenye majumba madogo waliipenda kwa hilo.

Aliyewafungulia njia kwenye majumba ni Joseph Schenck. Walimwita mwaka 1924 awe mwenyekiti, na nawaomba wenzangu wamtazame vizuri mtu huyu. Hakuwa mwigizaji, alikuwa mtayarishaji. Alipofika alifanya jambo la akili ya kawaida kabisa: lori halijai, tubebe na samaki wa wengine. Alileta filamu za waigizaji kama mke wake Norma Talmadge, Buster Keaton na Valentino, na akamleta mtayarishaji Samuel Goldwyn. Akaanzisha pia, pamoja na Pickford na Chaplin, kampuni ya pembeni ya kujenga na kununua majumba ya sinema. Baadaye hata Walt Disney alipitisha katuni zake kwao, kuanzia 1932 mpaka 1937. Hiyo ndiyo miaka ya kupanda. Jina la kampuni lilikuwa na maana ya filamu nzuri, na hakuna bosi aliyekuwa anamwambia msanii akate wapi.

Mchangiaji, Kamalondo

Mwanangu, mimi ni muzee, nimekulia kwenye redio, tukisikiliza kundi la Mufwankolo likicheza kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Naona bado hujasema walikosea wapi. Watu wanaogopa kusema hapo. Sema.

Mwanzisha uzi

Ndiyo papa, nasema.

Sauti iliingia kwenye filamu kuanzia mwaka 1927, na ndani ya miaka michache mambo yote yakageuka. Pickford alicheza filamu yake ya mwisho 1933. Fairbanks yake ya mwisho ni ya 1934, na alifariki 1939. Walikuwa mume na mke tangu 1920, wakaachana 1936, lakini hisa zilibaki pale pale, kila mtu na zake. Chaplin aliendelea, ila polepole, kwa namna yake ya kurudia tukio moja mpaka limridhishe: 1931, 1936, 1940, 1947. Filamu nne kwa miaka kumi na sita. Kama mwigizaji sina la kumwambia, zile kazi zitaishi. Lakini kama mwenye lori, jamani, filamu nne.

Sasa hebu mfikirie mtu kama Schenck. Mwaka 1933 alianzisha kampuni ya utayarishaji pamoja na Darryl Zanuck, wakawa wanaleta filamu nyingi kuliko waanzilishi wote kwa pamoja. Zanuck hakuwa na hisa. Wakaomba kampuni yao iingie kwenye umiliki. Waanzilishi wakakataa. Mwaka 1935 Schenck akaondoka, kampuni yake ikaungana na kampuni ya Fox, na ndiyo ile 20th Century-Fox mnayoijua wote. Disney akaondoka kwa sababu walitaka washike haki za televisheni za katuni zake, wakati televisheni yenyewe ilikuwa bado haijafika majumbani. Goldwyn akagombana nao mpaka mahakamani, akaondoka. Na kila mwenye hisa alipoondoka, kampuni ilitoa pesa yake yenyewe kumlipa hisa zake. Pesa ambayo ingetengeneza filamu ilikuwa inalipa talaka.

Mwishoni walibaki wawili tu, Pickford na Chaplin, nusu kwa nusu. Na hawakupatana. Huyu akisema tuuze, yule anakataa. Yule akisema tukope, huyu anakataa. Sawa kwa sawa, na hakuna wa tatu wa kuamua. Ofisi zipo, wauzaji wapo, filamu nzuri hakuna kwa sababu watayarishaji hawataki kuleta. Mwanzoni mwa 1951 kampuni ilikuwa inapoteza kama dola 100,000 kila wiki.

Papa, kosa ni hilo. Hisa zao zilikuwa malipo ya walichofanya 1919. Aliyekuwa anajaza lori mwaka 1935 hakuwa na sauti, na aliyekuwa na sauti hakuwa analeta hata kapu.

Mchangiaji, Goma

Kaka, nimesoma yote, na nasikitika kusema hii inathibitisha wanachosema wenye pesa: msanii acheze, mfanyabiashara amiliki. Hapa Goma nimeona vikundi vinne vikivunjika kwa njia hiyo hiyo, na hiyo ni kabla hatujafika kwenye vita.

Mwanzisha uzi

Hapana ndugu yangu. Nakataa, na nakataa kwa sababu.

Maneno hayo yalisemwa siku ile ile walipoanza. Inasimuliwa kwamba mkubwa mmoja wa kampuni ya Metro, Richard Rowland, aliposikia habari alisema wenda wazimu wameikamata hospitali yao. Wenda wazimu hao waliishika kampuni miaka thelathini na mbili, wakipitia kuja kwa sauti, kuanguka kwa uchumi kwa miaka ya 1930 na vita ya dunia. Hesabu ni makampuni mangapi ya mjini kwetu yamefika miaka thelathini na mbili.

Na tazama waliokuja baada yao. Februari 1951 maavoka wawili, Arthur Krim na Robert Benjamin, walikubaliana na Pickford na Chaplin hivi: tupeni uendeshaji; tukipata faida ndani ya mwaka mmoja kati ya mitatu ya kwanza, nusu ya kampuni ni yetu. Wakapata faida mwaka ule ule wa kwanza. Moja ya filamu zilizowasimamisha ni The African Queen.

Na hapo nataka Wakongo tusimame kidogo. Filamu ile ilipigwa nchini kwetu na Uganda. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston na waigizaji Humphrey Bogart na Katharine Hepburn walikuwa kwenye mto Ruiki, karibu na Ubundu, mji ulioitwa Ponthierville wakati wa Wabelgiji. Kamera zilivutwa mtoni juu ya vihori, wageni wakaugua matumbo, wenyeji wakafanya kazi ya kubeba na kujenga. Bogart alipata Oscar yake kwa filamu ile. Yaani kampuni ya waigizaji ilipokuwa inazama, moja ya mikono iliyoivuta ilitoka kwenye maji yetu, na sisi hatukuwa na hata hisa moja. Siandiki hivi kwa uchungu wa bure. Naandika kwa sababu sisi saba tumekaa miezi minane tukibishana nani atamiliki picha za mto wetu Kafubu, na mabishano hayo yana maana.

Krim na Benjamin walifanya nini tofauti? Hawakuwanyang'anya wasanii uhuru. Waliendelea bila studio, wakaendelea kumwachia mwongozaji kazi yake. Walichoongeza ni chungu cha pamoja: kampuni yenyewe ilitafuta pesa, ikamkopesha mtayarishaji, wakagawana faida. Wazo la 1919 likaishi chini ya watu ambao hawakuwa waigizaji. Chaplin, aliyekuwa amezuiwa kurudi Marekani tangu Septemba 1952, aliuza robo yake 1955 kwa dola milioni 1.1. Pickford alisubiri hadi mwaka uliofuata, akapata milioni 3.

Yaliyofuata nayapita haraka. Mwaka 1967 kampuni iliuzwa kwa Transamerica, watu wa bima. Walivuna vizuri, filamu ya Rocky ikiwamo, lakini mwaka 1978 Krim na wenzake waligombana nao wakaondoka. Miaka miwili baadaye ikatoka filamu ya Heaven's Gate, iliyomeza kama dola milioni 44 na kurudisha chini ya milioni 4. Mwaka 1981 Transamerica ikaiuza kwa MGM. Kwa hiyo, kaka wa Goma, waliofikisha kampuni kwenye kuuzwa mara hiyo walikuwa wenye pesa, si wasanii. Mwaka 2006 Tom Cruise na mshirika wake walijaribu kuifufua wakiwa na sehemu ya umiliki, ikashindikana baada ya filamu chache. Jina bado lipo. Mwenye jina leo ni Amazon.

Mchangiaji, Lubumbashi (mmoja wa wale saba)

Yaya, unasema vizuri, lakini sema na yetu. Watu wasifikiri unaandika kwa kusoma vitabu tu.

Mwanzisha uzi

Kweli, niseme.

Kabla ya kikundi hiki nilikuwa kwenye kingine, mtaa wa Katuba. Watu sita. Mmoja wetu alikuwa na kamera, mwingine kompyuta ya kufanyia montaji, yaani kukata na kuunganisha picha, wengine sura na mdomo. Tulipiga filamu tatu za Kiswahili, tukazichoma kwenye diski, tukaziuza wenyewe, na wiki hiyo hiyo zikawa zimenakiliwa kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, zikiuzwa kwa bei ya nusu. Tulistahimili. Kilichotuvunja ni siku chaneli moja ya televisheni ilipotaka kununua zote tatu. Wa kamera akasema filamu ni zake kwa sababu zilipitia kamera yake. Wa kompyuta akasema mafaili yako kwake. Mimi nilikuwa nimeandika hadithi zote, nikasema ni zangu. Hatukuwa na karatasi hata moja. Mnunuzi akaondoka. Kompyuta ikaja kuharibika, na leo filamu mbili hazipo kabisa, hazipo popote. Kuna mama mmoja alicheza ndani yake, amekwisha kufariki, na watoto wake waliniomba sauti yake. Sikuwa nayo.

Mchangiaji, Bukavu (mhasibu)

Pole sana ndugu. Nachangia kwa upande wa sheria. Tangu 2012 Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, kwa hiyo mna njia zaidi ya moja. Avoka wenu bila shaka amewaandikia SARL, kampuni ya hisa yenye dhima ya kikomo. Humo kura inakwenda kwa wingi wa hisa. Lakini OHADA hiyo hiyo ina ushirika, na ule uliorahisishwa unaanza na watu watano, nyinyi ni saba. Kwenye ushirika kila mtu ana kura moja, hata kama hisa zake ni nyingi, na mwanachama akitoka anarudishiwa hisa zake kwa utaratibu uliowekwa. Ubaya wake: mwenye pesa wa nje hataki kuingia mahali ambapo milioni yake ina kura moja kama ya yule anayewapaka waigizaji rangi usoni.

Mwanzisha uzi

Asante, mhasibu. Hilo la ushirika sitaki kuliamua hapa, ni la Jumamosi. Mimi binafsi naelekea SARL, kwa sababu tutahitaji pesa ya nje, ila yenye ibara tatu ambazo avoka hakuziweka. Filamu ziwe mali ya kampuni, na mafaili yakae sehemu mbili, moja nje ya Lubumbashi. Asilimia fulani ya kila pato ibaki kwenye chungu cha filamu inayofuata kabla hatujagawana hata franka. Na hisa zifuate kazi. Hii ya tatu ndiyo tutakayogombania, naijua.

Mchangiaji, Kamalondo (mama mwenye nyumba ya Jumamosi)

Mwanangu, nimesomewa uzi wote na mjukuu wangu. Nina miaka 61. Magoti yameanza kukataa, na wewe unaandika kwamba hisa zifuate kazi. Basi anzia kwangu mimi. Siku nitakaposhindwa kusimama mbele ya kamera, mtaniambia nini? Chaplin na yule mama mwenzake walizeeka, hawakufanya dhambi. Iandike hapa, niisikie kabla hamjafika kwangu.

Mwanzisha uzi

Mama, shikamoo. Una haki, na nimelala nikifikiria swali lako. Hivi ndivyo nilivyoandika usiku, mjukuu akusomee polepole:

"Mwanahisa anayeacha kazi kwa uzee, ugonjwa au kifo hanyang'anywi kitu. Pato lake katika kila filamu aliyoshiriki linaendelea, kwake au kwa watoto wake, kwa muda wote filamu hiyo inapouzwa. Kura yake ndiyo inayohama: baada ya miaka miwili bila kushiriki kazi yoyote ya kampuni, iwe mbele ya kamera au nyuma yake, kura inakwenda kwa anayefanya kazi, naye anabaki na haki ya kuona hesabu zote."

Nimeweka "mbele ya kamera au nyuma yake" kwa ajili yako, mama, kwa sababu nani mwingine anawafundisha vijana wetu kusema Kiswahili cha wazee?

Mchangiaji, Kamalondo (mama mwenye nyumba ya Jumamosi)

Miaka miwili ni michache. Andika mitatu. Na mje saa nane ya mchana, si saa tisa, avoka alipwe mkiwa bado na akili.